Maisha ya William Herschel, Mwalimu wa Muziki Aliyegundua Sayari

Mwalimu afundishapo habari za jua na sayari zake, wanafunzi hawakosi kumwuliza: watu walijuaje kuwa ziko sayari zisizoonekana vema kwa macho? Na vyombo vya anga vilifikaje huko? Maswali hayo hayajibiwi kwa orodha ya majina ya kukariri. Tumeona heri tuwasimulie walimu wanachuo maisha ya mtu mmoja, ili waone jinsi maarifa hayo yalivyopatikana.

William Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba, 1738, katika mji wa Hanover, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa bendi ya jeshi, naye William akaingia bendi hiyo hiyo akiwa kijana. Mwaka 1757 alihamia Uingereza, akaishi kwa kazi ya muziki. Mwaka 1766 alipata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa katika mji wa Bath, ambako pia alifundisha wanafunzi wengi. Hakusoma katika chuo kikuu cho chote. Elimu ya nyota aliipata vitabuni, usiku, baada ya kazi za mchana.

Mwaka 1772 dada yake mdogo, Caroline, alikuja kukaa naye akawa msaidizi wake. Kwa kuwa darubini kubwa zilikuwa ghali, Herschel aliamua kuziunda mwenyewe. Aliyeyusha shaba na bati, akafanya vioo, kisha akavisugua kwa mkono. Kazi hiyo haikuruhusu kusita. Safari moja aliendelea kwa saa 16 mfululizo, Caroline akimtilia chakula kinywani.

Usiku wa tarehe 13 Machi, 1781, akikagua nyota moja baada ya nyingine kama ilivyokuwa desturi yake, aliona moja isiyofanana na wenzake. Kila alipoongeza nguvu ya darubini, ilizidi kuwa kubwa, ambapo nyota za kawaida hubaki kama nukta. Siku nne baadaye aliitazama tena, akakuta imehama. Aliandika kwamba ni nyota yenye mkia, akapeleka taarifa kwa wataalamu. Walipopiga hesabu ya mwendo wake, akiwemo Anders Lexell wa St. Petersburg, ikabainika kuwa ni sayari, iliyo mbali na jua karibu mara mbili ya Zohali. Ndiyo tunayoiita Uranusi.

Hapa ndipo penye somo letu. Herschel hakuwa wa kwanza kuiona. John Flamsteed aliiandika mwaka 1690 akidhani ni nyota, na Mfaransa Pierre Lemonnier aliiandika mara kadhaa bila kuitambua. Macho walikuwa nayo, na vyombo pia. Walichokosa ni kuirudia na kulinganisha. Herschel naye alikosea jina, lakini vipimo vyake viliandikwa kwa uangalifu, hivyo wengine waliweza kumsahihisha. Sisi wenyewe tulipoanza kufundisha, tulizoea kufuta ubaoni jibu lisilo sahihi kabla mtoto hajaeleza alivyolifikia. Twakiri kwamba tulifuta mengi yaliyostahili kuchunguzwa.

Mwaka 1782 Mfalme George wa Tatu alimpa Herschel posho ya pauni 200 kwa mwaka, akaacha kufundisha muziki. Tangu mwaka 1787 Caroline naye alilipwa pauni 50, na kwa juhudi yake aligundua nyota nane zenye mikia. Herschel aligundua miezi miwili ya Uranusi mwaka 1787, na miwili ya Zohali mwaka 1789. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1822, akiwa na umri wa miaka 83. Uranusi huchukua miaka 84 kulizunguka jua mara moja. Maisha yake yote hayakutimiza mwaka mmoja wa sayari aliyoigundua.

Chombo cha Marekani kiitwacho Voyager 2 kilirushwa tarehe 20 Agosti, 1977, kikapita karibu na Uranusi tarehe 24 Januari, 1986. Ni hicho tu kilichopata kufika huko. Mtoto akiuliza kilipataje umeme, ajibiwe kuwa mwanga wa jua huko ni hafifu mno, kwa hiyo kilitumia joto la madini ya plutoni. Akiuliza picha zilikujaje, aelezwe kuwa zililetwa kwa mawimbi ya redio, yaliyochukua karibu saa mbili na dakika 45 kufika duniani. Picha hizo zilionyesha miezi 10 iliyokuwa haijulikani.

Kwa zoezi, mwalimu achague sayari ionekanayo kwa macho, kama Mshtarii au Mirihi. Kila mwanafunzi achore mahali ilipo kati ya nyota za jirani, aandike tarehe na saa, arudie kila juma kwa miezi miwili. Mchoro usiolingana na wa wenzake usifutwe. Mwenye mchoro aulizwe aliona nini, lini, na kama alitazama tena. Darubini haihitajiki; daftari na subira zatosha.