Mafisango: Msiba wa Keko uliotafutiwa jibu

Ukishika barabara ya Chang'ombe kwenda Uwanja wa Mkapa, unapita Keko, jirani na VETA. Hapo ndipo alfajiri ya Alhamisi, Mei 17, 2012, Patrick Mutesa Mafisango alipopata ajali ya gari na kufariki dunia akiwa na miaka 32.

Alizaliwa Kinshasa mwaka 1980. Akapita TP Mazembe, akaenda Rwanda kuzichezea APR na Atraco, mpaka akawa nahodha wa Amavubi. Azam ndiyo iliyomleta Dar, kisha mwaka 2011 akatua Msimbazi. Jamaa alikuwa kiungo wa kazi: anakaba mpaka basi, na nyavu anazitikisa.

Mei 6 alifunga kwa penalti Simba ilipoichapa Yanga 5-0 na kumaliza ligi kama bingwa. Wiki moja baadaye, kule Sudan, Simba ikatolewa na Al Ahly Shendi kwa matuta. Zikapita siku nne tu, msiba.

Watu wakaanza kuuliza kwa nini. Wengine wakasema kazi ya Mungu haina makosa, wengine wakashuku mkono wa mtu, wengine wakahesabu siku tangu zile tano. Hakuna jibu lililopunguza uchungu.

Kilichosaidia ni kukusanyika. Mwili wake uliagwa Chang'ombe, kwenye viwanja vya TCC, kabla ya kusafirishwa Kinshasa. Aliyekuja Dar kama mgeni, Temeke ilimlilia kama mtoto wake. Kwa wapenzi wengi wa Simba, faraja ilianzia hapo.