Hiram Maxim: Mhandisi aliyeifanya bunduki ijipakie yenyewe

VITA Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipofika miguuni mwa Mlima Kilimanjaro, Machi 1916, Waingereza walioingia Moshi na Wajerumani waliorudi nyuma walikuwa na bombomu za ukoo mmoja. Zote zilitokana na ubunifu wa mtu mmoja, Hiram Maxim.

Maxim alizaliwa Februari 5, 1840, huko Sangerville, jimbo la Maine, Marekani. Ujanani alijifunza kuunda magari ya farasi, kisha akawa mhandisi wa umeme na mshindani wa Thomas Edison katika utengenezaji wa taa. Mwaka 1881 alikwenda Ulaya, na baadaye akafungua karakana jijini London.

Zama hizo, kuanzia Machame hadi Moshi, mamangi walinunua magobori kwa wafanyabiashara wa pwani kwa pembe za ndovu. Mpiganaji alipima baruti mwenyewe, akashindilia risasi, akafyatua, kisha akaanza upya. Akikosea kipimo, aliharibu mlio mmoja tu.

Mwaka 1884 Maxim alikamilisha bunduki iliyojipakia. Teke la bunduki, ambalo awali liliishia begani mwa mpigaji, sasa lilitoa ganda tupu, likavuta mkanda na kuingiza risasi nyingine. Bunduki hiyo iliweza kutoa risasi zipatazo 600 kwa dakika.

Lakini ilikuwa na sharti lake: kila risasi ililazimika kulingana na nyingine. Yenye baruti pungufu haikuusukuma mtambo hadi mwisho, na iliyofuata ilikwama. Kwa sababu hiyo hiyo, hata leo bastola ya kujipakia ikikwama kwa risasi zilizojazwa kwa mkono, fundi mzoefu hukagua kwanza kiasi cha baruti na urefu wa risasi kabla ya kuilaumu bastola.

Mwaka 1887 Maxim alimpa Henry Stanley bunduki moja kwa ajili ya safari ya kumwokoa Emin Pasha, safari iliyoishia Bagamoyo Desemba 1889. Bunduki hiyo, ikiwa imekwisha chakaa, ndiyo aliyokwenda nayo Kapteni Frederick Lugard Kampala mwaka 1890. Januari 24, 1892, bombomu za Maxim zilimsaidia Lugard kushinda vita vya Mengo.

Kilimanjaro hakukuwa na ushindi mwepesi. Juni 1892 wapiganaji wa Mangi Meli waliwashinda Wajerumani huko Moshi, ingawa Agosti 1893 walizidiwa nguvu. Meli alinyongwa Machi 2, 1900.

Maxim alipata uraia wa Uingereza, na mwaka 1901 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Uzeeni masikio yake yalikuwa yameharibiwa na milio ya bunduki alizozijaribu. Alifariki London Novemba 24, 1916, miezi minane baada ya Moshi kutekwa, huku vita ikiendelea na bombomu zake zikinguruma pande zote mbili.