Shujaa wa Wajapani Aliyeficha Kwao

Mwezi Februari 1954, wafanyakazi wa Tokyo walitoka kazini wakaenda moja kwa moja kusongamana mbele ya televisheni zilizowekwa viwanjani na penye stesheni, kwani bei ya chombo kile ilizidi mshahara wa miezi mingi. Waliyemtazama ni Rikidozan, mwanamieleka wa kulipwa, akiwachapa kwa ukingo wa kiganja Wazungu wawili warefu, ndugu Sharpe. Japan ilikuwa imeshindwa vita miaka tisa iliyopita, na utawala wa majeshi ya Marekani ulikuwa umekoma mwaka 1952 tu. Basi kila pigo lilipokelewa kwa vifijo kana kwamba kila mtazamaji alipiga kwa mkono wake. Wazungu wale walihesabiwa kuwa Wamarekani, kumbe walikuwa watu wa Kanada. Lakini jioni ile nani angewauliza pasipoti?

Na shujaa mwenyewe hakuwa mzaliwa wa Japan. Alizaliwa mwaka 1924 kaskazini mwa Korea, jina lake Kim Sin-rak, wakati nchi yake ikitawaliwa na Wajapani, waliyoitwaa mwaka 1910. Alipelekwa Japan akiwa kijana, na mwaka 1940 akaingia katika sumo, mieleka ya jadi ya watawala wake. Alipanda hadi cheo cha tatu kutoka juu, kisha mwaka 1950 akakikata kwa mkono wake kishungi cha nywele, alama ya kazi ile, akatoka. Hati za serikali zikamwandika Mitsuhiro Momota, mzaliwa wa Nagasaki.

Wako wamwitao mwongo. Sisi twauliza: ni nani aliyemfundisha Mkorea ya kuwa jina la babaye ni mzigo?

Mieleka ya kulipwa alijifunza kwa Wamarekani. Huko kila mwandalizi wa michezo alikuwa na jimbo lake, wala mwenzake hakuvuka mpaka, na tangu 1948 wengi wao walifungwa pamoja na umoja wao, National Wrestling Alliance. Mwaka 1952 Rikidozan alikwenda Hawaii, kisha bara. Alirudi akijua siri ya biashara ile: mshindi hupangwa kabla ya kupanda ulingoni, na watu humpenda zaidi yule aonewaye kwanza kisha akainuka. Mwaka 1953 akaanzisha chama chake mwenyewe.

Hatusemi kwamba alikuwa malaika. Masahiko Kimura, bingwa mkubwa wa judo, alikuwa mwenzake dhidi ya ndugu Sharpe, na mara nyingi yeye ndiye aliyepigwa ili Rikidozan aje kuokoa. Kimura alichoka na kazi hiyo, wakakutana wao kwa wao Desemba 1954. Kimura alishikilia hadi mwisho kwamba walikuwa wamepatana watoke sare. Walakini Rikidozan alimpiga kweli kweli, mpaka akalala. Wanafunzi wake nao walionja ukali huo, mmojawapo Antonio Inoki, kijana aliyemwokota mwaka 1960 huko Brazil, ambako alifanya kazi katika mashamba ya kahawa.

Mwaka 1957 alitoka sare na bingwa Lou Thesz kwa dakika 60 mjini Tokyo. Fedha zikaja, akajenga majumba ya starehe na ya michezo, na wahuni wakubwa wa mji wakawa jirani zake.

Januari 1963 alikwenda Seoul, akapokewa kwa heshima. Magazeti mengi ya Japan yalinyamaza. Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule alichomwa kisu na mhuni katika kilabu cha usiku, na tarehe 15 akafa, umri wake miaka 39. Walimzika Tokyo kwa jina la Momota, na miaka mingi ikapita kabla Wajapani wengi hawajasoma kwamba aliyewalipizia kisasi alikuwa Mkorea.