William Tyndale, Mkimbizi Aliyetafsiri Biblia

Leo tumkumbuke William Tyndale, Mwingereza aliyetaka hata kijana wa shambani asome Neno kwa lugha ya nyumbani kwao. Mwaka 1523 aliomba msaada kwa askofu wa London, hakuupata. Mwaka 1524 akavuka bahari kwenda Ujerumani, wala hakurudi tena kwao.

Mwaka 1525 uchapaji wa Agano Jipya ulivamiwa mjini Cologne. Akakimbilia Worms na karatasi zake, akalimaliza mwaka 1526. Vitabu vikaingizwa Uingereza vikiwa vimefichwa ndani ya marobota ya nguo. Askofu akavichoma moto.

Tyndale alifasiri kutoka Kigiriki na Kiebrania, na pale Kiingereza kilipokosa neno, alilitunga. Kwa Pasaka aliunganisha maneno mawili, kupita na juu, ili msikiaji auone usiku ule Bwana alipopita juu ya nyumba za Israeli.

Mwaka 1535 alisalitiwa mjini Antwerp. Mwaka 1536 alinyongwa na mwili wake ukachomwa, Agano la Kale halijaisha. Lakini Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilichukua sehemu kubwa ya maneno yake.

Nasi tulio ugenini tusiidharau kazi hii. Ninyi mnaotafsiri mahubiri ibadani, tafuteni neno ambalo bibi aketiye nyuma atalielewa na kwenda nalo nyumbani. Mungu awabariki.