Aliacha chuo, akafunza treni kusimama

Ukipita Kanduyi usiku, utasikia malori ya kuelekea Malaba yakisimama: psssss! Huo ni upepo wa breki. Jamaa aliyeanzisha mambo hayo hakuanzia barabarani, alianzia relini.

George Westinghouse alizaliwa New York, Marekani, 1846. Babake alikuwa na karakana ya mashine za shambani, na humo ndimo alijifunzia kazi. Akiwa tineja alijiunga na jeshi, akarudi, akaingia chuo. Miezi mitatu tu, akatoka. (Hapo ndipo nilianza kumpenda.)

Siku moja alikuta treni mbili za mizigo zimegongana. Madereva walikuwa wameonana mapema. Shida ilikuwa kusimama. Zamani hizo kila behewa lilikuwa na breki yake, na vijana walikimbia juu ya mapaa wakizungusha gurudumu moja baada ya jingine. Wengi waliteleza wakafa.

Mwaka wa 1869, akiwa na miaka 22, alisajili breki za upepo: dereva anasukuma upepo kwenye bomba, mabehewa yote yanashikwa. Lakini fikiria, bomba likikatika je? Upepo kwisha, breki kwisha, na mabehewa yaliyochomoka yanateremka yenyewe. Kufikia 1872 alikuwa amepindua wazo lake mwenyewe. Kila behewa likabeba tangi lake la upepo, na presha ya bomba ikishuka, breki zinashika zenyewe. Yaani ajali ikianza, ndiyo inayofunga breki.

Mwaka wa 1893 Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha treni kuwa na breki za aina hiyo. George alifariki 1914, akiwa na uvumbuzi zaidi ya 300.

Lakini usilale. Upepo huvuja polepole, na mtambo usiotunzwa hauokoi mtu. Juni 24, 2002, kule Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mlima, ikagonga ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Ndiyo maana behewa likiegeshwa hufungwa breki ya mkono na kuwekewa kabari. Ukiyaona yameegeshwa stesheni ya Bungoma, usijifiche jua chini yake, na usiguse kitu. Turnboy wa Kanduyi anajua: lori likishasimama, psss au hakuna psss, anashuka kuweka jiwe nyuma ya tairi.