Leakey Alitunga Kalenda ya Mvua, Mawe Kama ya Kianjai Yakamkosoa

Ukishuka mathree pale Kianjai, kabla ufike Maua, inua macho ucheki Nyambene. Hizo zote ni volkano za kitambo. Mimi ocha ni hapo, na nimekalia yale mawe meusi tangu nikiwa mtoi bila kujua kila moja ni saa. Kuna mzae alitafuta saa kama hiyo karibu maisha yake yote: Louis Leakey.

Alizaliwa Kabete 7 Agosti 1903, wazazi wamishonari, akakua akiongea Kikuyu na kupashwa tohara na rika lake. Akaenda Cambridge, kisha akarudi Kenya mwaka wa 1926 kuchimba akitafuta mababu wa binadamu. Mifupa alipata. Shida ilikuwa kujua umri wake.

Cheki hivi. Nguo chafu kwa beseni: ya Jumatatu iko chini, ya Ijumaa iko juu. Mawe na udongo hupangika vivyo hivyo, tabaka la chini ndilo la zamani. Lakini beseni yako na ya jirani utazilinganisha aje? Utajuaje shati yako ya tatu ilivuliwa siku moja na suruali yake ya tano? Hapo ndipo wanajiolojia huumwa na kichwa.

Leakey alikuwa na jibu, japo wazo lilianza na E. J. Wayland wa idara ya jiolojia Uganda. Walisema zamani kulikuwa na vipindi virefu vya mvua Afrika Mashariki yote, vikienda sambamba na vile vya barafu Ulaya. Kama nguo za beseni zote mbili zimelowa, basi ni mvua ileile. Wakavipa vipindi majina: Kageran, kutoka mto Kagera, Kamasian, kutoka milima ya Kamasia huko Baringo, Kanjeran, kutoka Kanjera karibu na Ziwa Victoria, na Gamblian, kutoka pango la Gamble karibu na Elmenteita. Mkutano mkubwa wa Nairobi wa 1947, ambao Leakey mwenyewe aliuandaa, ukaipitisha hiyo kalenda. Ilikuwa fiti kwa karatasi.

Lakini tayari alikuwa ameonja uchungu wa kukosa ushahidi. Mwaka wa 1932 Juma Gitau, aliyekuwa kwa timu yake, alitoa taya huko Kanam, karibu na ghuba ya Winam. Leakey akatangazia dunia kwamba huyo ndiye mtu wa zamani kuliko wote wa aina yetu. Profesa Percy Boswell akatoka London kuja kuona tabaka lenyewe. Maze, vyuma Leakey alivyopigilia kuonyesha mahali vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyokuwa ametumia ikatokea ni ya sehemu nyingine kabisa! Mwaka wa 1935 Boswell akamwanika kwa jarida la Nature. Msee wa miaka 31, jina limeenda. Mimi niliacha college kwa sababu ndogo kuliko hiyo, lakini yeye alirudi shimoni.

Mwisho wa miaka ya 1950 kalenda ya mvua nayo ikaanza kubomoka. Nguo kulowa si lazima iwe mvua, huenda bomba la plot limepasuka. Ziwa la Bonde la Ufa hujaa au kukauka hata kwa sababu ardhi imepasuka na kuinama. Basi maji ya Baringo na ya Elmenteita hayakuwa na lazima ya kupanda wakati mmoja.

Julai 1959 mkewe Mary akapata fuvu la Zinj huko Olduvai, Tanganyika. Leakey akakisia miaka 600,000. Safari hii kulikuwa na majivu ya volkano kwa tabaka hilo, na Jack Evernden na Garniss Curtis wa California wakayapima. Mawe ya volkano yana potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni, kwa mwendo usiobadilika. Lava ikiwa moto, gesi yote hutoroka, kwa hivyo saa huanza sufuri. Ikishaganda, gesi hunaswa ndani. Pima gesi, linganisha na potasiamu iliyobaki, umepata umri. Huhitaji kujua kama kulinyesha.

Jibu likatoka 1961: miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya alivyokisia! Mzae alikosea, na pengine hakuna mtu alifurahia kosa lake kuliko yeye, maana mtu wake alikuwa amezeeka zaidi ya ndoto zake.

Leakey alikufa London 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Yale majina manne ya mvua wanajiolojia washaachana nayo. Umri wa Zinj umesogezwa kidogo tu, siku hizi ni kama milioni 1.84.