Ibn Sina na Udongo wa Mto Jayhun

Ukimtaja Ibn Sina mbele ya vijana, wengi watakwambia alikuwa daktari, basi. Ni kweli, kitabu chake cha Qanuni kilisomeshwa Ulaya kwa karne nyingi. Lakini ana upande mwengine ambao wengi wetu hatuujui. Karibu miaka 1000 iliyopita, alieleza vipi kombe la baharini linaweza kupatikana ndani ya jiwe, juu ya mlima, mbali kabisa na pwani. Hebu tumfuate.

Jina lake ni Abu Ali al-Husayn bin Abdillah bin Sina. Alizaliwa mwaka 980 (370 Hijria) katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, ambao leo uko Uzbekistan. Alipofika miaka 10 alikuwa ameshahifadhi Qur'ani. Hesabu alipelekwa kusomeshwa na muuza mboga! Akiwa na miaka kama 17 hivi, aliitwa kumtibu Amir Nuh bin Mansur, na alichoomba ni ruhusa ya kuingia maktaba ya mfalme. Humo akasoma mpaka akatosheka.

Lakini si kila elimu aliitoa vitabuni. Alipokuwa mtoto aliona kando ya mto Jayhun, ambao leo unaitwa Amu Darya, udongo ambao watu walikuwa wakioshea vichwa. Baadaye akauona tena udongo ule, na sasa umekuwa jiwe laini. Baina ya mara ya kwanza na ya pili ilipita miaka kama 23. Mtu mwengine angepita zake. Yeye akajiuliza: ikiwa udongo huu umegeuka jiwe kwa muda wa umri wa kijana mmoja, je, milima imetokana na nini?

Wakati huo maisha yake hayakuwa ya raha hata kidogo. Baba yake alifariki, dola ya Wasamani ikaanguka, naye akawa mtu wa kuhama mji baada ya mji: Gurganj, Jurjan, Rayy, mpaka akafika Hamadan, ndani ya Iran ya leo. Huko Amir Shams al-Dawla alimfanya waziri. Wanajeshi wakaasi, wakaizunguka nyumba yake, wakapora mali yake na kutaka auawe. Alijificha siku 40 kwa rafiki yake. Amir alipozidiwa na maradhi akaitwa tena, akarudishiwa uwaziri. Mchana alifanya kazi ya serikali, usiku alisomesha na kuandika.

Shams al-Dawla alipofariki mwaka 1021, Ibn Sina hakutaka tena kutumikia utawala ule. Akajificha nyumbani kwa muuza dawa mmoja aitwaye Abu Ghalib. Hapo, bila ya kitabu cha kurejelea, akawa anaandika kurasa kama 50 kwa siku. Mwanafunzi wake al-Juzjani amesimulia kwamba ndani ya nyumba ile alimaliza karibu sehemu yote ya elimu ya maumbile katika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Shifa. Maneno yake kuhusu mawe na milima yamo katika sehemu hiyo. Baadaye alikamatwa, akafungwa miezi 4 katika ngome ya Fardajan.

Aliandika nini? Alisema baadhi ya milima huinuliwa na mitetemeko ya ardhi, na mengine huchongwa na maji na upepo vikila udongo laini na kuacha ule mgumu. Akaona kwamba milima ina matabaka, moja juu ya jingine, ishara kwamba udongo wake ulitua kwa zamu, tena kwa muda mrefu sana. Na kwa kuwa mawe mengi yakipasuliwa hukutwa na makombe na viumbe vya majini, akasema nchi hizo zamani zilikuwa chini ya bahari.

Vitu hivyo leo tunaviita visukuku, yaani masalio au alama za viumbe wa kale zilizohifadhika ardhini, mara nyingi ndani ya jiwe. Ibn Sina alidhani iko nguvu fulani ya ardhini inayogeuza viumbe kuwa mawe. Hapo wataalamu wa leo hawaendi naye, lakini njia aliyoifungua ni sahihi. Kiumbe anapokufa na kufunikwa haraka na matope au mchanga, nyama huoza, mfupa au gamba hubaki. Maji yenye madini hupenya kwenye vitundu vyake, na madini huganda humo kidogo kidogo mpaka ule mfupa unakuwa jiwe wenye umbo lile lile. Wengi hawafiki hapo, wanaoza na kupotea kabisa. Ndiyo maana kisukuku kimoja ni habari kubwa.

Mfano uko Misri. Katika bonde la Wadi al-Hitan, jangwani, kuna mifupa ya nyangumi wa karibu miaka milioni 40 iliyopita, wengine wana miguu midogo ya nyuma. Mchanga mtupu leo, zamani bahari. Na sisi wa pwani tusiende mbali: tazama mawe ya kuta za zamani za Mombasa na Lamu. Ni matumbawe, viumbe vya bahari vilivyokuwa hai kabla ya mji kuwepo.

Kuna jambo la kusikitisha. Mnamo mwaka 1200 hivi, Mwingereza mmoja, Alfred wa Sareshel, alizitafsiri kurasa zile za mawe kwa Kilatini na kuziunganisha na kitabu cha Aristotle. Basi kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya walizisoma wakidhani ni za Aristotle. Kazi aliyoifanya mtu akiwa mafichoni ikatajwa kwa jina la mwengine.

Ibn Sina alifariki Hamadan katika Ramadhan ya mwaka 428 Hijria (1037), akiwa na miaka 57. Kaburi lake lipo huko mpaka leo. Vijana wenzangu, yeye hakuwa na darubini wala maabara. Alikuwa na macho, na akakumbuka alichokiona utotoni. Mkipita kwenye ukuta wa matumbawe, simameni kidogo mtazame. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.